Gitaa la Emiliana na Jua la Getanuwas

Vijana, mmekuja kuniuliza habari ya ile sauti nono ya gitaa, na kabla sijakaa vizuri mmeshaniambia kwamba siku hizi ipo kwenye simu, unagusa kioo tu. Sawa, guseni. Mimi nilifunga kibanda changu pale karibu na soko la Mbulu mjini kwa sababu macho hayaoni tena miguu ya transista. Sikukifunga kwa kushindwa na simu. Na kwa kuwa mmeuliza wenyewe, mtasikiliza mpaka mwisho. Fundi anayeondoka katikati ya maelezo ndiye huyo huyo anayeunguza spika za watu.

Kwanza mjue kwamba kila mtu aliniambia haiwezekani. Walioniambia walikuwa na vyeti. Mimi nilikuwa na darasa la saba, mita moja ya umeme yenye sindano iliyopinda, na kichwa kigumu ambacho marehemu mama alikilalamikia tangu nachunga ndama. Nawaambia wazi, kichwa kigumu ni kifaa cha kazi. Kitunzeni pamoja na koleo zenu.

Kwaya ya kanisa letu pale Endagikot ilikuwa na mashine ya zamani ya kukuza sauti ya gitaa, ya vali. Kwa ambaye hajawahi kuiona, vali ni kitu cha kioo kama taa ndogo. Ukiwasha mashine, kinawaka ndani rangi ya chungwa, nawe unasubiri kipate moto ndipo mashine iseme. Ile yetu ilikuwa na umri mkubwa kuliko wanakwaya wengi. Ukigusa nyuzi polepole, ilisema taratibu. Ukizipiga kwa nguvu, sauti ilivimba na kukwaruza kidogo, mkwaruzo mtamu, mpaka akina mama wa mabenchi ya nyuma wanaanza kuyumba. Kisha vali zikafa, moja baada ya nyingine. Nilitafuta Arusha, nikatafuta Moshi, sikupata hata moja. Biashara ilikuwa imefunguliwa, maduka yamejaa bidhaa za kila nchi duniani, isipokuwa vali.

Basi waumini wakachanga, huyu mahindi, yule maharage, ikanunuliwa mashine mpya ya transista. Ilikuwa nyepesi, inang'aa, na unaiwasha inasema papo hapo. Mpiga gitaa wetu aliitwa Emiliana, binti wa Maretadu aliyeolewa Endagikot. Alifundishwa gitaa na kaka yake, na vidole vyake vilikuwa vigumu kwa jembe kiasi kwamba nyuzi ndizo zilizomwogopa yeye. Jumapili ya kwanza aliichomeka ile mashine mpya, akapiga kama alivyozoea, kwa nguvu.

Watoto wachanga wote walilia. Sauti ilitoka na miba. Mbwa wa mwinjilisti alitoka mlangoni, na hatukumwona mpaka jioni.

Jumapili zikapita, na mambo ni yale yale. Emiliana akipunguza nguvu, gitaa halisikiki katikati ya sauti arobaini. Akiongeza, linatoboa masikio. Ndipo Mzee Qamara, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, akaja kibandani kwangu. Alikuwa mtu mnyoofu, tena mkali, asiyecheka siku za kazi.

"Shikamoo mzee," nikamwamkia.

"Marahaba, fundi Bura. Nimekuja kukuambia mwenyewe ili usisikie barabarani. Kamati inaona gitaa liachwe. Tununue kinanda. Kinanda kina ngoma zake ndani, kina filimbi, kina kila kitu, na hakipigi kelele."

"Na Emiliana?"

"Ataimba. Sauti anayo."

Nikamwomba muda. Akafikiri, akasema kwaya ina safari ya uinjilisti kwenda Getanuwas, kule Hanang kwa wafugaji. Mashine ikikaa vizuri mpaka siku hiyo, gitaa litabaki. Isipokaa vizuri, kamati itaendelea na mpango wake. Alipoondoka nilimkuta Emiliana amesimama kwa muuza vitunguu wa jirani. Alikuwa amesikia yote.

"Kaka Bura," akaniambia, "mimi nikishika gitaa ndipo nasali. Wakinitoa hapo, nitakuwa nakwenda kanisani kukaa tu."

Nilimwambia alete mashine.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe, maana hapa wengi hupotea. Kila mashine ina dari. Ukiilazimisha sauti iwe kubwa kuliko dari, lazima iumie kichwa. Vali ikikaribia dari huinama. Transista haiinami, inagonga, na kichwa cha sauti kinakatwa bapa. Huko kukatwa ndiko mnakokusikia kama miba. Kwa hiyo usihangaike kuongeza nguvu. Ifundishe sauti kuinama mapema, kabla haijafika darini.

Hayo nayasema leo kama mtu aliyezaliwa anayajua. Ukweli ni kwamba nilianza na kosa la kila fundi mvivu. Nilitia kapasita kubwa imeze ile miba. Ilimeza miba, ikameza na samaki. Emiliana alipiga nyuzi mbili akacheka kwa uchungu.

"Kaka, linaimba kama mtu mwenye makande mdomoni."

Nikapanda basi mpaka Arusha kwa fundi mmoja mwenye duka la vioo na kalenda ukutani. Nilimweleza shida yangu vizuri, kwa adabu. Alinisikiliza huku anakula karanga. Kisha akasema, "Mzee, transista ni transista. Bila vali, sahau. Mwambie huyo dada apige kayamba." Wateja wake wakacheka. Nilirudi Mbulu siku hiyo hiyo, na njia nzima nilikuwa nimekunja ngumi mapajani. Mpaka leo nikikumbuka zile karanga napandwa na hasira, na namshukuru pia, maana bila dharau yake pengine ningekata tamaa.

Aliyenifundisha kazi hakuwa wa aina hiyo. Alikuwa Mzee Yohana, fundi redio wa zamani, mwenye mkono mmoja unaotetemeka na masikio ya paka. Siku moja, nikiwa bado mwanafunzi wake, alishika redio ya mteja, akachokoachokoa kwa bisibisi, akaniuliza, "Unasikia ilivyobadilika?" Nikajibu kwa haraka, "Sana mzee, imekuwa nzito zaidi." Akanionyesha kwamba hakugusa kitu. Bisibisi ilikuwa inazunguka hewani. "Wewe unasikia kwa macho," akasema. Tangu siku hiyo akawa ananigeuza nitazame ukuta kila tunapojaribu kifaa. Nilimchukia mwezi mzima. Baadaye nikaelewa, na ninyi fanyeni hivyo. Jaribuni kifaa mkiwa mmegeuka, na mtu mwingine ndiye abadilishe. Mtashangaa ni mara ngapi mtasifia bisibisi iliyozunguka hewani.

Katika makorokoro aliyoniachia Mzee Yohana kulikuwa na redio za betri za kale, zenye transista za gerimaniamu, si za silikoni kama hizi za sasa. Zile za gerimaniamu hazina haraka. Zinaanza kuinama mapema, pole pole. Nilitoa mbili, nikazifunga ndani ya kopo la majani ya chai, likawa linakaa kati ya gitaa na mashine. Ulikuwa msimu wa baridi, ule wa Mbulu mnaoujua, asubuhi unapuliza mikono kabla ya kushika koleo. Nikarekebisha, nikarekebisha, kila asubuhi, nimevaa koti na kofia ya sufu. Siku ya nne Emiliana akapiga, na sauti ikavimba. Ikakwaruza kwa utamu. Nilikuwa nimeutazama ukuta, na niliendelea kuutazama ili asinione machozi.

"Hiyo hiyo," alisema Emiliana. "Hiyo hiyo, kaka. Usiguse tena."

Sikugusa tena. Kosa langu lilikuwa hapo. Fundi wa Dar asingelifanya, maana kule hakuna baridi ya kumdanganya.

Tulishuka Getanuwas na lori la mahindi, kwaya nzima imejibana juu ya maturubai, na kadiri tulivyoshuka tukawa tunavua makoti. Ibada ilipangwa saa saba mchana, kwenye uwanja mtupu, jenereta upande mmoja. Wafugaji walikuja wengi, wazee wamejifunga mashuka, wamesimama na fimbo zao mbali kidogo kama watu wanaokagua ng'ombe wa mnadani. Niliweka kopo langu juu ya mashine, juani. Nililiweka mahali watu walione. Majivuno hayo.

Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili, sauti ya gitaa ikaanza kukohoa. Katikati ya wa tatu ikawa inatoka vipande vipande, kama mtu anayekabwa, halafu ikakatika. Nikaangalia waya, ni nzima. Jenereta ni zima. Mzee Qamara akanijia, uso umekunjamana.

"Zima hicho kitu, fundi."

Emiliana hakuacha kupiga. Nyuzi zilikuwa zinapigwa na hakuna kinachosikika, naye anaendelea, jasho linamtiririka, anatazama mbele tu. Nikaligusa lile kopo nilizime, likaniunguza vidole. Ndipo akili ikanifunguka. Gerimaniamu haipendi joto. Ikipata joto, umeme unavuja ndani yake na mpangilio wote unahama. Mimi nilikuwa nimeirekebisha kwenye baridi ya Mbulu, nimevaa kofia ya sufu, halafu nikaileta kuota jua la Hanang.

Pembeni alikuwa mama mmoja wa kifugaji na punda wake wawili, wamebeba madumu ya maji. Maji kule hayachezewi, anayatoa mbali. Nikamwendea mbio.

"Mama, shikamoo. Naomba maji kidogo, ya kulowesha kitambaa."

"Mtoto amezimia?"

"Hapana, mama. Ni gitaa."

Alinitazama kama mtu anayetazama kichaa, lakini akamimina. Nikalowesha kanga ya mwanakwaya mmoja, nikalifunika kopo kivulini, upepo mkavu wa kule ukaipuliza. Hazikupita dakika nyingi. Sauti ikarudi kwanza kwa kukohoa, ikasafika, ikavimba, ikafika pale ilipokuwa Mbulu. Kwaya ikaruka juu yake. Mzee mmoja wa kifugaji, Mzee Gidamis, akasogea mpaka mbele ya spika, akainama, akasikiliza.

"Ile ya kwanza ilikuwa mbuzi anakabwa," akasema. "Hii ni dume."

Nilidhani tumeshinda. Tulipokuwa tunapakia vyombo, Mzee Qamara alinivuta kando. Hakupiga kelele, na bora angepiga.

"Fundi, umetuaibisha mbele ya watu tuliokuja kuwahubiria. Mashine ya kunyweshwa maji kama ndama! Kamati itakaa."

Kamati ikakaa. Kinanda kikanunuliwa Babati, ambako sasa ndiko makao makuu ya mkoa, mkoa wenyewe ukiwa ndio kwanza umekatwa kutoka Arusha. Kijana wa mwinjilisti akawa anabonyeza, ngoma zinajipiga zenyewe ndani. Emiliana akaketishwa kwenye safu ya sauti ya pili. Nilimtazama akiimba. Mdomo ulikuwa unafunguka na kufungika, na mkono wake wa kushoto ulikuwa unabonyeza nyuzi zisizokuwepo, juu ya sketi.

Nilipata hasira ambayo sijawahi kuipata kwa ajili ya kifaa. Na msidhani nilimkasirikia Mzee Qamara peke yake. Alikuwa na haki juu ya kosa langu. Lakini kosa lilikuwa langu, si la gitaa, na wala si la Emiliana. Nikaamua kwamba nitalitoa kosa langu katikati ya Emiliana na gitaa lake, wazee watake wasitake.

Nikazitupa zile za gerimaniamu. Nikachukua dayodi za kawaida, vile vipande vidogo vya kupitisha umeme upande mmoja tu, zile za silikoni mnazozikanyaga sakafuni, zisizojali sana jua wala baridi. Nikaziweka ndani ya kopo jipya, pale ambapo transista inarudishiwa sauti yake yenyewe ijikosoe. Hapo ndipo siri ilipo. Wengine huzifunga mwishoni, sauti ikishatoka, kwa hiyo inakatwa tu kwa mara ya pili. Upande mmoja niliweka mbili zimefuatana, upande wa pili moja, kwa sababu vali haikosei sawasawa pande zote, na huko kutolingana ndiko kunakoleta utamu. Kila upande nikauongezea rezista ndogo, ya kubana umeme, ili kona ya kuinama isiwe kali. Baada ya hapo nikaweka kapasita, ndogo safari hii, ya kunyoa miba inayobaki. Kwenye njia ya umeme wa mashine nikaweka rezista nene, ili mtu akipiga kwa nguvu mashine ipungukiwe kidogo na kushusha pumzi, jinsi ile ya vali ilivyofanya. Spika yake ya kisasa niliitoa, nikaweka kubwa ya karatasi kutoka kwenye sanduku la redio bovu. Fundi mwenzangu mmoja wa pale sokoni akasema nimeharibu mashine mpya. Nikamwambia ndiyo, na nitaiharibu mpaka ikae vizuri.

Kisha nikafanya ambalo nilipaswa kulifanya tangu mwanzo. Niliweka kopo jipya karibu na jiko la mkaa mpaka halishikiki, Emiliana akapiga, nami nimeutazama ukuta. Nikalitia kwenye mfuko wa nailoni na kulizamisha kwenye ndoo ya maji ya baridi, akapiga tena wimbo ule ule. Sauti haikuhama. Bado sikuridhika. Tukarudi Getanuwas, mimi na Emiliana na mume wake, mtu mkimya aliyebeba betri ya gari begani bila kuuliza hata swali moja. Tukafika nyumbani kwa Mzee Gidamis saa saba ile ile, jua lile lile. Kopo likakaa juani mpaka sisi wenyewe tukakimbilia kivulini. Emiliana akapiga wimbo wa tatu, ule uliokatika, mpaka mwisho. Mzee Gidamis akatikisa kichwa kwa kukubali, akatuletea maziwa. Na yule mama wa madumu, ambaye kumbe alikuwa mke wake, akauliza kwa mbali kama leo gitaa halina kiu.

Jumamosi iliyofuata tuliingia kwenye mazoezi ya kwaya bila kualikwa. Mimi na mashine, Emiliana na gitaa begani. Kinanda kilikuwa kimewekwa pale pale mbele, mahali pa Emiliana pa miaka yote. Mzee Qamara alikuwa ameketi benchi la kwanza.

"Shikamoo baba," Emiliana akamwamkia, akapiga goti kidogo kama inavyotakiwa.

"Marahaba. Mwanangu, hili tulishalimaliza. Kamati imekaa."

"Imekaa, baba, nami niliheshimu. Lakini mashine iliyohukumiwa siyo hii. Ikikosea leo, gitaa nitalipeleka mwenyewe kuuza."

Hakuwa ameniambia kwamba angeweka gitaa lake mezani. Nilichomeka waya, nikageuka nikatazama ukuta.

Alianza taratibu, kisha akaongeza. Nilimsubiri afike darini. Akafika, na sauti ikainama. Ikavimba, ikajaza kanisa mpaka mabati yakaitikia, na hakuna mtu aliyeziba masikio. Aliyeanza kuimba sijui ni nani, nilisikia mmoja, halafu watatu, halafu wote. Kijana wa kinanda alijaribu kufuata, akazima ngoma zake, akaimba na wenzake. Wimbo ulipokwisha nikageuka.

Mzee Qamara alikuwa amesimama. Hakuomba msamaha, watu wa umri wake hawakulelewa hivyo, na hakusema kwamba kamati ilikosea. Alivua koti, akalikunja, akaliweka benchini. Akaenda mbele, akashika kinanda kwa mikono yake mwenyewe, akakiburuta mpaka pembeni, karibu na dirisha, akiwakatalia vijana waliotaka kumsaidia. Akarudi, akaketi.

"Emiliana," akasema, "simama mahali pako uanze upya. Mwanzo sikuusikia vizuri."

Mwongo yule! Aliusikia wote.